Uzi: Tuziseti kontrola za sola kufuata betri tulizonazo, hasa betri ndogo za 7Ah hadi 18Ah

FundiBetri_Majengo (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni fundi wa sola ndogo ndogo hapa Moshi, Majengo. Wateja wangu ni watu wa vibanda, mabanda ya kuku, maduka ya uchochoroni, na nyumba za kihamba (shamba la migomba la ukoo) ambako nguzo ya TANESCO imepita mbali. Karibu wote wanatumia betri ndogo: ile ya 7Ah (ampea-saa 7, yaani kipimo cha uwezo wa betri) inayowekwa kwenye UPS na kengele za geti, au ya 12Ah, au 18Ah. Betri hizi naletewa zimekufa wakati stika bado inang'aa. Mteja anasema kauziwa feki, na feki zipo kweli. Lakini nikifika kwake nikaiwasha kontrola ukutani (kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji na taa), nakuta namba ni zilezile zilizotoka nazo kiwandani. Aliyefunga alikaza skrubu, taa ikawaka, akachukua hela yake akaondoka.

Inaniuma, kwa sababu kuziseti ni kazi ya dakika kumi na haina gharama. Nimeamua kuandika hapa kwa urefu, na mwenye swali aulize.

Anza na ubavu wa betri. Usianze na kontrola wala na maneno ya muuzaji. Betri kavu ya 12V 7Ah huwa imeandikwa mistari mitatu ambayo wengi hawaisomi. Wa kwanza ni volti za kuchajia kwa matumizi ya kila siku, yaani unachaji mchana na kula usiku: kawaida 14.4 hadi 15.0. Wa pili ni volti za kuitunza ikiwa imeshajaa na inasubiri tu: 13.5 hadi 13.8. Wa tatu ni ampea za kuanzia kuchaji, na kwa 7Ah utakuta imeandikwa isizidi 2.1A. Namba zinapishana kidogo kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, ndiyo maana nasema soma ya kwako.

Sasa njoo kwenye kontrola. Iliyojaa madukani kwetu ni ile nyepesi ya PWM (aina rahisi, isiyobadilisha volti za paneli) yenye kioo kidogo, vibonyezo vitatu na matundu ya USB. Kibonyezo cha kushoto kinakupitisha ukurasa kwa ukurasa. Ukikishikilia sekunde kadhaa namba inaanza kupepesa, hapo vile vingine viwili vinapandisha na kushusha. Ukishikilia tena inahifadhi. Kurasa zenyewe ni chache: volti za betri kwa sasa, volti za kutunza (mara nyingi 13.7), volti za kurudisha taa (12.6), volti za kukata taa (10.7), saa za kuwaka taa, na aina ya betri. Aina huandikwa b1, b2, b3: b1 ni betri kavu iliyozibwa, b2 ni ya jeli, b3 ni ya maji. Matoleo mapya mengine yana na ya lithiamu. Anza na aina ya betri, kwa sababu kwenye kontrola nyingi ukibadilisha aina, volti nyingine zinajirudisha zenyewe na kazi yako yote inafutika.

Tuzungumze kuhusu hiyo 10.7, maana hapo ndipo betri nyingi zinapofia.

Betri ya risasi ya 12V ina vyumba sita, kila kimoja volti 2 na ushee. Ikiwa imejaa na imepumzika, inasoma kama 12.7. Ikibaki nusu, 12.2. Ikifika 12.0 imebaki kama robo. Ikisoma 11.8 ikiwa imepumzika, ujue haina kitu. Kontrola inayosubiri 10.7 ndipo ikate taa imeinyonya betri hadi tone la mwisho, tena kila usiku. Inapokaa bila chaji, salfeti inagandamana kwenye sahani za risasi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa ngumu na kukataa kutoka. Asubuhi ikiwa na wingu, betri inaingia siku ya pili ikiwa hivyohivyo. Baada ya miezi michache ile 7Ah imebaki jina.

Weka kikomo cha kukata 11.8. Hiyo ni volti ikiwa taa zinawaka, na kwa mzigo mdogo wa taa za LED maana yake bado umeiachia betri akiba yake. Kama una kipato cha kubadilisha betri kwa shida, weka 12.0. Utalalamika kwamba taa zinazimika mapema. Ni kweli, zitazimika mapema, na hicho ndicho kipimo halisi cha betri uliyonunua.

Kurudisha taa usiache 12.6. Asubuhi jua likigusa paneli, betri iliyoisha inasoma 12.6 ndani ya muda mfupi kwa sababu inasukumwa na chaji, wala si kwamba imejaa. Taa zinarudi, redio inarudi, na kile kidogo kilichoingia kinatoka. Weka 13.0 kama kontrola yako inakubali.

Naendelea na ampea baadaye kidogo, nina mteja mlangoni.

KukuWaBoma

Asante sana fundi, umenifikia mahali pangu. Mimi ni mama mfugaji, niko Boma Ng'ombe, nina kuku wa mayai. Nimefungiwa betri ya 7Ah na taa tatu za wati 3. Nataka taa ziwake masaa 4 baada ya giza ili kuku wafikishe masaa 16 ya mwanga. Mwanzoni ilikuwa sawa, sasa zinazima hata saa mbili ya usiku haijafika. Paneli nimeambiwa ni ya wati 20. Shida ni betri?

FundiBetri_Majengo

Mama yangu pole. Umetoa namba zote, hebu tuzipige.

Betri ya 12V mara 7Ah ni wati-saa 84. Kwa kuitunza, tumia nusu, yaani 42. Taa zako tatu ni wati 9, mara masaa 4 ni wati-saa 36. Kwa hiyo betri inakutosha, haijazidiwa. Kwa upande wa kula uko vizuri.

Kwa upande wa kulipa sasa. Umekula 36, hiyo ni 3Ah. Betri ya risasi hairudishi yote unayoipa, ongeza sehemu ya tano, unahitaji kama 3.6Ah kila siku. Paneli ya wati 20 inatoa takriban 1.1A jua likiwa kali. Siku nzuri ukapata masaa 4 ya jua la maana, umeingiza 4.4Ah, unalala salama. Lakini Juni, Julai na Agosti wingu linakaa hadi mchana. Ukipata masaa mawili na nusu unaingiza 2.75Ah tu. Kila siku unadaiwa karibu 1Ah, na betri ya 7Ah haiwezi kubeba deni hilo hata wiki moja.

Paneli inayokufaa ni ya wati 30. Inatoa kama 1.7A, siku ya wingu unapata zaidi ya 4Ah, na siku ya jua kali bado uko chini ya ile 2.1A iliyoandikwa kwenye betri. Kwa 7Ah mimi nafunga 30, sipungui wala sizidishi.

Kuhusu saa: kwenye ukurasa wa saa za taa, 24H maana yake taa ziko tayari muda wote na wewe ndiye unazima kwa swichi. 0H maana yake ziwake giza likiingia na zizime kukikucha, na hiyo ingekumalizia betri. Wewe weka 4H. Kontrola inajua giza kwa kuangalia paneli imeacha kutoa volti, kwa hiyo hakikisha hakuna taa ya nje inayomulika paneli usiku.

Na usije ukajaribu kupasha vifaranga joto kwa betri hiyo. Balbu ya joto ya wati 100 ingemaliza zile 42 zako kwa dakika 25. Vifaranga wabaki na chungu cha mkaa, na hewa ipite bandani.

KukuWaBoma

Nimeelewa kabisa, Mungu akubariki. Nitapima kwanza betri kabla ya kununua paneli. Naipimaje?

FundiBetri_Majengo

Ichajiwe siku nzima ya jua bila kuwasha kitu. Jioni chomoa paneli. Washa taa zako tatu, andika saa, na uangalie volti kwa testa (mita ya kupimia volti) kwenye vichwa vya betri. Wati 9 ni kama 0.75A. Betri nzima inapaswa kukaa juu ya 11.8 kwa masaa matano hivi au zaidi. Ikishuka hapo ndani ya saa moja, imekwisha, na paneli mpya haitaifufua.

ChaliiSakina

Mkuu salamu kutoka Arusha, Sakina. Mimi sielewi hiyo habari ya 2.1A. Nina betri ya 7Ah na paneli ya wati 100 niliyopewa na bro alipohamia nyumba yenye umeme. Si nzuri zaidi? Betri inajaa saa tatu asubuhi tu, mchana mzima imejaa. Ila usiku inaisha haraka.

FundiBetri_Majengo

Chalii wangu, umeniwahi, hilo ndilo nililotaka kuendelea nalo.

Kontrola ya PWM haipunguzi ampea za paneli mpaka betri ifike volti za kujaa. Kabla ya hapo kinachotoka kwenye paneli chote kinaingia. Paneli ya wati 100 inatoa karibu 5.5A jua likiwa kali, na betri yako imeandikwa mwisho 2.1A. Unaimimina zaidi ya mara mbili na nusu. Betri ndogo ikisukumwa hivyo inapata moto, gesi inatengenezwa ndani haraka kuliko inavyoweza kurudi kuwa maji, vali inafunguka, na unyevu unaotoka haurudi, kwa sababu betri kavu haiongezwi maji. Ukiona ubavu umevimba ujue ndiyo hiyo.

Halafu hiyo "imejaa saa tatu" si kujaa. Volti zimepanda upesi kwa sababu ya msukumo, kontrola ikaona 14.4 ikaonyesha picha ya betri iliyojaa. Picha hiyo inafuata volti tu. Jioni ukiwasha, volti zinaanguka. Betri iliyopoteza uwezo wake ina tabia hiyohiyo: inajaa upesi, inaisha upesi.

Una njia tatu. Tafuta paneli ya wati 30 kwa betri hiyo na ile ya 100 uiuze. Au baki na paneli, nunua betri ya 18Ah, maana kwa kipimo kilekile cha tatu ya kumi ya uwezo wake inaruhusu 5.4A, na 100W inakaa hapo barabara. Au nunua kontrola ya MPPT yenye uwezo wa kuwekewa kikomo cha ampea. Za Victron kwa mfano zina hiyo, unaiweka kwa simu kupitia bluetuthi, unaandika 2A na hazivuki. Njia ya tatu ni nzuri sana kwa wingu la Arusha, kwa sababu paneli kubwa inakusaidia siku ya giza na siku ya jua kontrola inaizuia. Ila bei yake inazidi betri yenyewe mara kadhaa, kwa hiyo kwako mimi ningenunua 18Ah.

ChaliiSakina

Dukani nilionyeshwa MPPT za bei nafuu, ndogo, zina USB mbili kama hii yangu. Si hizo?

FundiBetri_Majengo

Hizo zimeandikwa MPPT juu ya ganda, ndani ni PWM. MPPT ya kweli inabadilisha volti za ziada za paneli kuwa ampea, na kwa kazi hiyo lazima iwe na koili ya shaba ndani na mgongo wa chuma wa kupoza. Ishike mkononi. Kama ni nyepesi kuliko simu yako, iache.

Jaribio jingine: pima ampea zinazotoka kwenye paneli na zinazoingia kwenye betri. PWM zinalingana. Kwenye MPPT ya kweli zinazoingia kwenye betri ni nyingi zaidi.

Kihamba_Kibosho

Naomba kuchangia wakuu. Huku Kibosho kuna jambo la kivuli ambalo mafundi wa mjini hawalifikirii. Paneli inafungwa kwenye bati, mgomba uko mita tatu, baada ya mwaka jani limefika. Jani moja likitia kivuli safu moja ya vile viboksi vya paneli, paneli nzima inashuka, si ile sehemu tu. Mimi nilipandisha yangu kwenye nguzo juu ya banda la ng'ombe, na ule mti wa mgrevilea upande wa mashariki nikaupogoa.

Swali langu: nimetoa waya kutoka kwenye nguzo hadi ndani, mita kumi hivi. Fundi aliyenifungia aliweka kontrola kwenye nguzo pale pale chini ya paneli. Betri iko ndani. Ni sahihi?

FundiBetri_Majengo

Hapana mkuu, hamisha kontrola ikae ubavuni kwa betri. Waya mrefu uwe kati ya paneli na kontrola.

Sababu ni hii. Waya wa shaba wa 2.5mm kwa mita kumi, kwenda na kurudi ni mita ishirini, una ukinzani wa ohm 0.14. Ukipitisha 5A unapoteza volti 0.7 njiani. Upande wa paneli hilo linavumilika, kwa sababu paneli ya "12V" inafanya kazi kwenye 18V, ina ziada. Lakini waya huohuo ukiwa kati ya kontrola na betri, kontrola inaona 14.4 mlangoni kwake wakati betri inapata 13.7. Inapunguza chaji ikidhani imemaliza kazi. Unaweza kuwa umeseti kila kitu sawasawa na betri isijae hata siku moja.

Kila mtu afanye hivi mchana kukiwa na jua: soma volti kwenye kioo, halafu weka testa kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Tofauti ikizidi 0.1, tafuta waya mwembamba, skrubu iliyolegea, au kichwa cha betri chenye unga mweupe. Na kama kioo chenyewe ndicho kinachodanganya hata waya ukiwa mfupi, seti namba zako kwa kufidia. Kioo kikisoma juu kwa 0.2, ongeza 0.2 kwenye kila ulichotaka kuweka.

Na hapo kwenye kichwa cha betri chanya weka fyuzi. Betri ya 7Ah ni ndogo ila ikigusanishwa waya inatoa ampea za kuchoma nyumba. Fyuzi ya 10A inatosha kwa taa.

LongidoMifugo

Shikamoo fundi kama umri unaruhusu, kama sivyo basi mambo. Huku Longido jua si tatizo, joto ndilo tatizo. Betri iko kwenye kibanda cha bati. Nimesoma kwamba joto linaharibu betri, je kwenye kontrola kuna cha kufanya?

FundiBetri_Majengo

Marahaba mkuu, na karibu.

Volti zote nilizotaja ni za nyuzijoto 25. Betri ikipata joto inahitaji volti pungufu ili ijae, ikipoa inahitaji zaidi. Kipimo cha kawaida kwa betri ya risasi ya 12V ni kama 0.024 kwa kila nyuzi moja, yaani karibu robo volti kwa nyuzi kumi. Betri yako ikiwa nyuzi 35 mchana, 14.4 inapaswa kuwa 14.15 hivi. Kontrola nzuri zina waya wenye kihisio cha joto wa kubandika kwenye betri, zinajirekebisha zenyewe. Za kwetu za bei nafuu hazina, au zinapima joto la ganda lao wenyewe.

Kwa hiyo kwako, na kwa watu wa Moshi mjini na kule kwenye mashamba ya miwa ya TPC ambako joto linakaa, mimi huchagua b2 hata kama betri ni kavu ya kawaida, kwa sababu inachaji chini kidogo, karibu 14.2. Kwa watu wa Ngaramtoni, Usa River na Arusha mjini, ambako Julai usiku unavaa sweta, bakini na b1 ya 14.4. Arusha iko juu zaidi yetu kwa mita mia tano hivi, na betri inalijua hilo.

Lakini volti ni nusu ya dawa. Itoe betri kwenye bati. Iweke chini, sakafuni, juu ya kipande cha mbao, upande usiopigwa jua la saa nane. Kanuni inayotumika kwa betri za risasi ni kwamba kila nyuzi kumi juu ya 25 hupunguza maisha yake karibu nusu. Hakuna namba ya kubonyeza inayoweza kufidia hilo.

MwanafunziNjiro

Jamani mimi nimeunda betri yangu kwa seli za laptopu, tatu tatu. Natumia kontrola hiyohiyo ya b1. Inachaji fresh kabisa.

FundiBetri_Majengo

Chomoa paneli sasa hivi kabla hujamaliza kusoma.

Seli za laptopu mwisho wake ni 4.2V kila moja. Tatu mfululizo ni 12.6. Kontrola yako inasukuma hadi 14.4, ambayo ni 4.8 kwa seli. Kama kadi ya ulinzi ipo na ni nzima, ndiyo inayokuokoa kila siku kwa kukata. Ikishindwa siku moja, seli hizo zinawaka, na moto wa lithiamu kwenye chumba cha hosteli hauzimwi na ndoo ya maji. Tafuta kontrola inayokubali kuwekwa 12.6 bila kutunza wala kusawazisha, au usiichajie kwa sola kabisa.

MwanafunziNjiro

Nimechomoa. Kadi ya ulinzi sikuweka. Asante sana kaka.

Kihamba_Kibosho

Afadhali umeuliza mdogo wangu.

DukaHimo

Fundi, na hizi lithiamu mpya zinazouzwa kama betri kamili, zimeandikwa LiFePO4 12.8V? Nimenunua ya 12Ah kwa ajili ya kuchaji simu za wateja. Muuzaji kasema niifunge tu kwenye kontrola ya zamani.

FundiBetri_Majengo

Hiyo ni lithiamu ya aina nyingine, tulivu zaidi, seli nne za 3.2V. Inaweza kuishi miaka mingi, ila nayo ina namba zake. Kuchaji 14.2 hadi 14.4. Kutunza 13.5. Kusawazisha zima kabisa, maana kule volti hupandishwa makusudi kwa ajili ya betri za maji, hata betri kavu haitakiwi kusawazishwa. Marekebisho ya joto zima pia, lithiamu haiyahitaji. Kukata weka 12.0.

Hiyo 12.0 ina sababu. Volti za betri hii hazishuki taratibu. Inakaa karibu na 13 muda mrefu, halafu inaporomoka. Ukiacha 10.7, kadi ya ulinzi ya ndani inaweza kukata yenyewe kwanza. Ikikata mchana paneli ikiwa imeunganishwa, kontrola inabaki bila betri, na kwenye kontrola nyingine volti za paneli, hata 20 na zaidi, zinapita hadi kwenye taa na chaja. Acha kontrola ikate kwanza, ile kadi ibaki ya dharura.

Na hesabu simu zako. Simu ya 5000mAh ni kama wati-saa 19, na upotevu wa chaja weka 25. Betri yako ni 12.8 mara 12, karibu wati-saa 154. Ukitumia sehemu nne za tano unachaji simu tano kamili bila jua. Mchana wa jua ongeza kinachotoka kwenye paneli.

DukaHimo

Na inverta ndogo ya wati 150 niichomeke kwenye ile alama ya taa ya kontrola?

FundiBetri_Majengo

Usifanye hivyo. Matundu ya taa yana kikomo chake, na inverta inapowaka inavuta ghafla kuliko kontrola inavyohimili. Inverta inaenda kwenye betri moja kwa moja, kupitia fyuzi. Lakini elewa kwamba kontrola haiwezi tena kuikata betri ikiisha. Inverta ina kikomo chake, mara nyingi karibu 10.5, na kwa betri ya risasi hicho ni kaburi. Mimi ningekushauri uchaji simu kwa chaja za USB za 12V, hupotezi umeme kwa kuupandisha hadi 230 na kuushusha tena.

KukuWaBoma

Fundi nimerudi. Nimepima kama ulivyosema. Imeshuka 11.8 baada ya masaa matatu na nusu. Kikomo kilikuwa 10.7, nimekiweka 11.8 mwenyewe, sikuita mtu. Je nibadilishe betri?

FundiBetri_Majengo

Hongera mama, na kazi safi. Bado ina uhai, imepoteza sehemu tu. Usiibadilishe sasa. Punguza saa ziwe 3H kwa muda, weka paneli ya wati 30, uiache ijae vizuri kwa wiki mbili tatu za jua, kisha upime tena. Inaweza kurudisha kiasi. Isiporudi, kuku wako wanaweza kupata ile saa moja iliyopungua wakati wa alfajiri, kwa taa moja.

Utakapofunga paneli mpya fuata mpangilio: chomoa paneli ya zamani kwanza, kontrola ibaki na betri. Kontrola inatakiwa ione betri ndipo ione paneli, kwa sababu ndivyo inavyojua ni mfumo wa 12 au 24. Taa zinaunganishwa mwisho. Ukifungua, unaenda kinyume: taa, paneli, betri.

Paneli mpya igeuze nyuma usome ampea zake. Na itazame ukubwa. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa kama wati 200, kwa hiyo wati 30 haiwezi kuwa ndogo kama daftari. Ifunge imeinama kidogo, nyuzi kumi hadi kumi na tano, mvua ioshe vumbi, na uso wake uelekee kaskazini. Kwako Boma hiyo ni kuelekea mlimani, ila kushoto kidogo, maana mlima wenyewe uko kaskazini-mashariki.

RomboMkuu

Sisi wa Rombo tukielekeza mlimani tunaangalia magharibi, fundi.

FundiBetri_Majengo

Sahihi mkuu, ahsante kwa kuliweka wazi. Rombo elekezeni upande wa Rongai, yaani kaskazini.

LongidoMifugo

Betri zetu zilizokufa tuzipeleke wapi? Huku watoto wanazivunja wakitafuta risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu na vitu vya kuchezea.

FundiBetri_Majengo

Wazuie leo. Risasi ni sumu inayoingia kwenye damu na kukaa, na kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua. Asidi nayo inachoma macho. Betri iliyokufa iache nzima, imesimama, mbali na maji na malisho. Ukija mjini nayo, wanunuzi wa vyuma chakavu wanaichukua kwa kilo, na mafundi wengi tunazipokea ukinunua mpya, tunakukatia kwenye bei. Niandikie faragha ukiwa na nyingi, gari la mizigo linalokuja Arusha linaweza kuzibeba kwa pamoja.